Thorpe kwa Drexler, Kimeu kwa Kalekye

Mumbuni, Machakos
Jumamosi, 4 Machi 1995

Dada yangu Kalekye,

Pokea salamu za Mumbuni, ambako mvua inatuchungulia kutoka upande wa Iveti kisha inarudi zake. Mimi ni mzima, mke wangu Katunge ni mzima, na mtoto wetu Antony ameng'oka meno mawili ya mbele, kwa hivyo siku hizi akitaja jina lako kunatoka upepo tu. Kibanda changu cha kutengeneza redio na televisheni kiko palepale karibu na stendi. Watu wa Machakos wakikasirikia habari wanapiga televisheni kofi, halafu wananiletea.

Kanda ya video ya Krismasi ilinifikia. Asante sana, ingawa kanda za huko hazipatani na mashine zetu. Siku ya kwanza picha ilikimbia kutoka chini kwenda juu bila kusimama. Nilifungua mashine nikahangaika nayo siku mbili nzima mpaka ikatulia, lakini rangi ilikataa. Basi kila Jumamosi kibanda kinajaa watu wanaotazama mabingwa wa Marekani wakiwa wote wa kijivu, na mimi ndiye mwenye kueleza nani ni nani.

Sasa tuje kwa jambo lenyewe. Nyinyi watu wa Houston, mko na akili kweli? Nimesoma gazetini kwamba tarehe kumi na nne mwezi uliopita Rockets, timu yenu ya mpira wa kikapu, walimtoa Otis Thorpe kwa timu ya Portland ili wapewe Clyde Drexler. Timu imechukua ubingwa juzi tu, hata mwaka haujaisha, halafu inamtoa mtu aliyesaidia kuuleta. Drexler namjua. Anapaa, watu wanasimama kwenye viti. Amekulia hapo Houston na alicheza chuo kikuu pamoja na Olajuwon, yule Mwafrika wenu mrefu, kwa hivyo kila mtu anaona ni mtoto amerudi nyumbani. Lakini chini ya kikapu nani atasukumana na yale majitu? Thorpe hakuwa wa kupigiwa makofi. Yeye alidaka mipira iliyokosa, akaumia mbavu, akarudi nyuma kukaba. Kalekye, wametoa jiko wakanunua pazia. Na si kwamba wamepata kijana. Wote wawili wana miaka thelathini na miwili. Andika mahali hesabu yangu: mwaka huu Houston hawafiki popote.

Ile kazi uliyonipa ya kwenda Mitaboni kumsomea mama yako barua zako, sijapata nafasi. Kazi ni nyingi mno.

Ni mimi ndugu yako ambaye hajakubaliana na mabadilishano hayo,
Kimeu


Houston
27 Machi 1995

Kaka Kimeu,

Barua yako imefika leo mchana, kona moja imelowa sijui na bahari gani. Mwambie Antony anipulizie jina langu hivyohivyo, nitalipokea. Mimi niko sawa. Maua ya huku yamefunguka na ninapiga chafya kutoka asubuhi. Wodini tuko wachache, lakini niko na rafiki mmoja, Pauline, muuguzi mwenzangu, mzaliwa wa hapa, ambaye mapenzi yake kwa Rockets yanamtia wazimu. Wakati wa chakula nilimtafsiria barua yako. Tulipofika kwa jiko na pazia aliweka kijiko chini. Amesema nikwambie usubiri, ila hakusema kwa nguvu. Ukweli ni kwamba tangu Drexler aje wanashinda leo na kushindwa kesho, na asubuhi Pauline anaingia kazini bila kusalimu mtu.

Hukupata nafasi ya kwenda Mitaboni, lakini ulipata siku mbili nzima za kufungua mashine ya video. Nimeliona hilo.

Tena umeandika "mama yako". Kimeu, acha niandike wazi mara moja, maana sisi wawili hatujawahi kuliandika. Mama Ndila wa Mitaboni ndiye aliyekuzaa wewe. Mimi nilizaliwa Lukenya na Mama Kamanthe, mdogo wake. Ndila alikuwa na wavulana wanne na hakuwa na msichana wa kumsaidia. Kamanthe alikuwa na wasichana watupu na mbuzi wasio na mchungaji. Tulikuwa na miaka minane, mimi na wewe, wale dada wawili walipokubaliana, mwaka ule wa ukame, kubadilishana watoto mpaka mvua irudi. Mvua ikarudi, sisi hatukurudishwa.

Sasa nisikilize. Kaka yako Nzomo ameniandikia kwamba macho yote mawili ya Mama Ndila yameingia mtoto wa jicho, na la kushoto limeshaziba. Kuna madaktari wa macho watakaokuja hospitali ya misheni wiki ya tatu ya mwezi wa Juni kupasua watu. Wakiondoka, hakuna anayejua watarudi lini. Nzomo amejitolea kumpeleka, na mama amekataa. Amesema atapelekwa na Kimeu au hapelekwi. Hajatoa sababu. Nadhani wewe unaijua.

Dada yako,
Kalekye


Mumbuni
Jumamosi, 22 Aprili 1995

Dada,

Huku mvua imenyesha hatimaye, na Katunge amepanda maharagwe mpaka karibu na mlango wa choo. Antony ameota jino moja. Tunawasalimu wewe na huyo Pauline, mwambie nampa pole, maana kwenye kipindi cha michezo cha Jumamosi cha televisheni nimewaona Houston wakinyang'anywa mipira chini ya kikapu na watu wafupi. Nilisema. Thorpe angekuwepo, mipira ile isingeenda kokote.

Unadhani najua sababu. Siijui. Nitakwambia ninachokijua.

Ilikuwa lori la mawe kutoka Lukenya. Lilisimama nje ya boma letu, wewe ukashuka, mimi nikapanda. Ulivaa gauni la kijani na ulikuwa umeshika kibuyu. Hatukusalimiana. Baba alinipandisha akanipa shuka. Nzomo na wengine wawili walisimama langoni wakinitazama. Mama Ndila hakutoka jikoni. Niliuona moshi, yeye sikumwona. Lori lilikaa pale muda mrefu, dereva alikunywa uji na kurudisha kikombe, na yeye hakutoka. Wavulana walikuwa wanne, Kalekye, akachaguliwa mmoja.

Baba yangu, Mwalimu Mutunga, akakuingiza darasani kwake. Ukafaulu, ukawa muuguzi, ukaruka mpaka Houston. Mimi nilichunga mbuzi wa Lukenya mpaka nikawa na miaka kumi na mmoja ndipo nikakalishwa darasa la kwanza na watoto wanaonifikia kiunoni. Tulikaa hivyo miaka tisa, wewe kwetu na mimi kwenu. Sikulaumu. Drexler naye hana kosa lolote. Lakini watu wakimshangilia Drexler, mimi najiuliza ni nani alimsindikiza Thorpe.

Basi usiniandikie tena habari za Mitaboni. Niandikie mpira.

Kimeu


Houston
15 Mei 1995

Kaka Kimeu,

Natumai wewe na wote wa nyumbani mmeamka vizuri. Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Nimeisoma wodini, nimeisoma nyumbani, na mara ya tatu nimeisoma jikoni nikiwa nimesimama, ndiyo maana nimechelewa.

Umesema nikuandikie mpira, nakuandikia. Jana Phoenix wamewafunga Rockets tena. Sasa michezo ni mitatu kwa mmoja, na wakipoteza mchezo mmoja zaidi wanarudi nyumbani kulala. Pauline amesema hataki kuzungumza na binadamu. Kwa hivyo labda umeshinda, kaka. Labda ukiipata barua hii yote yatakuwa yamekwisha.

Lakini kuna jambo moja Pauline alisema kabla hajanyamaza, na limenikaa. Nilimwuliza kwa nini walimtoa Thorpe ikiwa alikuwa mzuri hivyo. Akanitazama kama mtu asiyejua kuhesabu. Akasema, "Sasa wangemtoa nani? Portland wangekubali mtu mbovu?"

Wewe unadhani mimi nilikuwa Drexler. Hujui. Mwaka wa kwanza nililia nikichota maji, ili uso uwe na sababu ya kulowa. Na hili sijawahi kukwambia kwa sababu niliona aibu: kila asubuhi Mama Ndila aliniamsha kwa jina lako. Alikuwa akisimama mlangoni na kuita, "Kimeu," kisha ananyamaza, kisha anaita, "Kalekye." Si siku moja, si mwaka mmoja. Mpaka naondoka kwenda chuo cha wauguzi alikuwa bado anakosea. Nilimchukia kwa hilo, halafu nikakuchukia wewe. Nilijua kila asubuhi kwamba nimelala mahali pa mtu anayengojewa.

Nami kuna kitu sijakuuliza kwa miaka sita. Mama yangu Kamanthe alipokufa mimi nilikuwa huku, mwaka mmoja tu tangu nifike, na sikuja kumzika. Ulikuwa naye wewe. Umeniandikia barua ngapi tangu wakati ule, zote mpira na redio, na mimi nimekujibu mpira na redio kwa sababu niliogopa ungejibu. Sasa nakuuliza. Alisema nini? Aliwahi kunitaja?

Nijibu hata kama hutaenda Mitaboni. Lakini Juni imekaribia.

Kalekye


Mumbuni
Jumamosi, 10 Juni 1995

Dada yangu Kalekye,

Sisi hatujambo. Barua yako imefika Alhamisi. Kwanza, mpira, ili tuumalize. Kumbe ulipokuwa unaniandikia kwamba wamekwisha, hawakuwa wamekwisha. Kipindi cha Jumamosi kimetuonyesha: walishinda tatu mfululizo wakawatoa Phoenix, wakaja kuwatoa San Antonio, na sasa wako fainali na Orlando. Timu iliyoingia mtoano ikiwa ya sita upande wake. Kibanda kizima kinanigeukia kila Drexler akifunga. Nimewaambia televisheni imeharibika.

Sasa nikujibu ulichouliza.

Mimi nilimwita Kamanthe Mwaitu, kama mtoto yeyote wa Kikamba anavyomwita mama yake. Nilianza mwezi wa pili tangu nifike Lukenya, na sijamwita mwanamke mwingine hivyo. Jioni akishamaliza kukamua mbuzi alitumiminia maziwa sisi sote, halafu alijaza kikombe kimoja cha bati cha bluu na kukiweka juu ya mtungi, peke yake. Kwa muda mrefu nilidhani ni cha paka. Siku moja nikamwuliza, akasema, "Ni cha Kalekye." Nikamwambia, "Kalekye yuko Mitaboni." Akasema anajua aliko. Asubuhi, kabla hakijachacha, alinipa mimi nikinywe nikaenda malishoni. Ilikuwa hivyo kila siku. Kalekye, nimekunywa maziwa yako miaka tisa, na nilikuwa sijui namna ya kukwambia.

Alipougua nilimpeleka hospitali, tukarudishwa nyumbani. Siku ya mwisho ilikuwa na jua zuri, akaniomba nimtoe nje. Nilimweka kwenye mkeka akiegemea kifua changu. Aliniuliza kama huko Marekani uliko kuna maziwa. Nikamwambia yako mengi, watu wanayamwaga. Akasema, "Basi ni vizuri." Baada ya hapo hakusema kitu kingine cha maana, aliulizia mbuzi tu. Hakuwa na uchungu mwingi. Hakukulaumu hata kidogo. Ningepaswa kukuandikia hayo wiki ileile, na nilikaa nayo kwa sababu ni kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho wewe hukuwa nacho. Nimeona aibu kuandika hilo, lakini nimeandika.

Kila asubuhi, umesema? Na mpaka unaondoka?

Kesho ni Jumapili. Nitapanda Mitaboni. Sijui nitasema nini nikifika.

Kimeu


Houston
19 Juni 1995

Kaka,

Nakuandikia mbio kabla sijaingia kazini. Rockets wamekuwa mabingwa. Wamewafunga Orlando michezo minne bila, hawakuwapa hata mmoja. Drexler alikuwa hajawahi kupata ubingwa huu maisha yake yote, ameupata nyumbani kwao akiwa na mwenzake wa chuo. Watu walicheza barabarani, na Pauline ameanza kusalimu watu tena. Nakutumia gazeti na kanda nyingine, uihangaikie siku mbili zako.

Barua yako sijaipata bado, kama ipo. Ninaangalia sanduku la posta asubuhi na jioni. Madaktari wanafika wiki hii. Nimepiga simu kwa duka la Mitaboni mara tatu, hakuna anayepokea.

Desemba nakuja. Nimeshapewa likizo. Umeenda?

Kalekye


Mitaboni
Jumapili, 16 Julai 1995

Dada yangu Kalekye,

Angalia mahali nilipoandikia barua hii, juu hapo, kisha ukae chini.

Gazeti na kanda vimefika. Nakubali mbele ya Pauline na mbele ya watu wote kwamba kuhusu Drexler nilikosea, hakuwa pazia. Kuhusu Thorpe sikukosea. Alikuwa mzuri, na kwa sababu hiyo ndiyo walimpata Drexler. Hiyo ndiyo hesabu yangu sasa na sitaibadilisha.

Jumapili ile nilifika hapa saa nne. Alikuwa ameketi nje ya jikoni akiambua mbaazi kwa kupapasa. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani kutoka Kathiani, makali kidogo. Alisikia hatua akainua uso, akaita, "Kalekye?" Nikasimama. Akageuza sikio, kisha akasema polepole, "Kimeu." Nikaangua kicheko, Kalekye. Sikuweza kujizuia. Nilicheka mpaka nikaketi chini kwenye maganda ya mbaazi, naye akawa anauliza, "Unacheka nini? Mimi ni mzee, naruhusiwa kukosea." Yale maneno makali yalikwenda wapi, sijui.

Lakini nilimwuliza. Nilimwuliza kwa nini hakutoka jikoni. Akasema, "Ningetoka, ningekuteremsha kwa lori." Nikamwuliza kwa nini mimi. Akaambua ganda moja, la pili, la tatu. Akasema, "Kamanthe alikuwa ananipa mtoto wake mzuri. Mimi ningempa nani?"

Sikumwambia kwamba ni sawa, maana si yote yaliyo sawa. Miaka tisa ni mingi, na mvua zilinyesha ndani yake mara nyingi. Yeye pia hakusema ni sawa. Alisema kila mwaka walipanga kuturudisha, na kila mwaka mmoja wao alikuwa ameshamzoea mtoto aliyenaye. Alisema hayo akilia kwa lile jicho lililobaki, nami nililia pia. Halafu nikamsaidia kumaliza mbaazi.

Tarehe ishirini na moja nilimpeleka hospitali. Walimpasua jicho la kulia, la kushoto watalipasua Novemba, wamesema watarudi. Nilikaa kando ya kitanda siku mbili. Walipofungua bandeji alinitazama muda mrefu, kutoka nywele mpaka viatu. Akasema, "Umezeeka." Nikamwambia ni kweli.

Tangu wakati huo ninakuja kila Jumapili. Leo nimekuja na Katunge na Antony, na nimebeba televisheni ndogo, betri ya gari na mashine ya video, nimwonyeshe fainali yenu. Kanda hii nayo imekataa rangi. Nzomo ameileta familia yake, nyumba imejaa. Mwaitu amevutiwa kiti mpaka karibu na kioo, maana anataka kutumia jicho jipya ipasavyo. Nilimweleza habari zote: kwamba huyu mrefu ni Mwafrika, kwamba huyu anayepaa ni mwenzake wa zamani, na kwamba ili wapewe huyu walimtoa mwingine. Akatazama robo nzima ya mchezo. Kisha akauliza, "Na yule waliyemtoa yuko wapi? Mbona simwoni?"

Nikamwambia, "Yuko hapa, Mwaitu. Anakunywa chai."

Baadaye nilimhadithia kikombe cha bluu cha Mama Kamanthe. Alikuwa hajui. Aliinuka, hakutaka kushikwa mkono, akaingia jikoni akarudi na kikombe cha maziwa, akakiweka peke yake juu ya kabati. Hakuna aliyemwuliza ni cha nani. Sasa jua limeanza kushuka, watu wanajitayarisha kuondoka, na yeye amenipa nikinywe kisichache.

Uje Desemba, Kalekye. Nimechoka kunywa maziwa yako.

Ndugu yako,
Kimeu